Nyumba ya vitisho ya Halloween kando ya ziwa, Mwanza: nimeingia, nimepiga kelele, na kuna chumba kimoja wakibomoe

Kwa wale mnaouliza kama ile nyumba ya vitisho iliyofunguliwa wiki hii ya Halloween kwenye bustani ya michezo kule kando ya ziwa inastahili buku kumi na tano yako, jibu langu ni ndio, ila sio kwa sababu zile walizoandika kwenye mabango. Jina la sehemu silitaji maana nina lawama zangu humu ndani na sitaki kesi na mtu, wa Mwanza mtapajua tu, ni upande wa Ilemela, ukiona bembea kubwa ya taa na bodaboda zimejipanga nje ujue umefika.

Getini ni buku tano, hiyo inakupa bustani, muziki na ruhusa ya kununua soda kwa bei ya uchungu. Nyumba yenyewe unalipia tena kumi na tano, halafu kuna tiketi ya VIP ya elfu ishirini na tano ambayo faida yake ni moja tu, unaruka foleni huku watu waliosimama toka jua halijazama wanakutolea macho. Mi nilipanga foleni ya kawaida na mdogo wangu na shemeji, na foleni ilikuwa haiendi, yaani unasimama hadi unajua majina ya watoto wa aliyeko mbele yako. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja amekuja kumchukua binti yake, anatuambia kabisa kwamba hii kitu ni ibada ya shetani, na kijana mmoja akamjibu kwa adabu kwamba mama, hii ni mkesha wa Watakatifu Wote tu, tarehe 31 Oktoba, kesho yake watu tunaenda misa. Mama akasema misa gani hiyo inaanza na mafuvu. Hapo kijana hakuwa na jibu, na mi pia sikuwa nalo.

Wazo lenyewe sio la kwao, tuwe wakweli. Marekani hizi bustani kubwa za michezo zinafanya hivi miaka mingi, Knott's Berry Farm ya California walianza 1973, na Universal Studios ya Florida wakaja nayo 1991, tena Universal wana bahati kwamba ni watu wa filamu wenyewe, kwa hiyo wanakujengea chumba kilekile ulichokiona kwenye skrini, na wewe unatembea ndani yake. Hapa kwetu bango limeandikwa "ingia ndani ya filamu", ukitazama unaona makontena ya futi 40 yameunganishwa kwa plaiwudi, juu turubai jeusi, pembeni jenereta linanguruma. Shemeji akasema tumeliwa.

Kabla ya kuingia wanakusomea sheria na hapo niliwapa alama. Waigizaji hawakugusi na wewe huwagusi. Mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye matatizo ya moyo na mjamzito asiingie, na yule dada wa mlangoni alieleza na sababu, kwamba kuna mashine ya moshi na kuna zile taa za kuwakawaka haraka ambazo zinaweza kumwangusha mtu wa kifafa. Ukishindwa unanyoosha mikono juu na kuikunja alama ya X, wanawasha taa, unatolewa kwa mlango wa pembeni, hela hairudi. Sawa. Ila baada ya kusoma sheria vizuri hivyo, wakaingiza watoto. Kuna katoto ka miaka sita hivi kameshikwa mkono na baba yake na hakuna aliyesema neno, na ndiko kalikotoka kanalia kwa kwikwi mpaka kakatapika soda. Baba anacheka anarekodi. Wekeni umri hapo mlangoni na mkatae watu, buku kumi na tano moja haiwaui.

Chumba cha kwanza ni hospitali, na hospitali kila nyumba ya vitisho duniani inayo, kwa hiyo nilijiandaa kwa kitanda chenye damu na nesi mwenye mkasi, na ndivyo ilivyokuwa. Kitu ambacho sikujiandaa nacho ni harufu. Walikuwa wamemwaga ile dawa ya kusafishia wodi, ile kali inayokupiga puani ukipanda kumwona mgonjwa Bugando, halafu giza, halafu kwa mbali mashine inalia pii, pii, pii, taratibu. Hakuna aliyeturukia kwa karibu dakika nzima. Mdogo wangu alishanibana mkono. Nesi alipotokea na mkasi wake tukawa tumepumua, maana nesi unamwona, harufu huioni. Damu yake ilikuwa nyekundu sana kama jemu, lakini kwenye filamu za zamani za rangi nyeusi na nyeupe kuna waliotumia hadi sharubati ya chokoleti kama damu na watu wakazimia, kwa hiyo hilo silihesabu.

Sasa chumba cha pili ndo kilichobeba nyumba nzima na hapa nitakaa kidogo. Ni korido ndefu, kontena zima, kuta nyeusi, taa moja tu mwisho kule. Chini ya taa amesimama jamaa wa ovaroli na sura nyeupe isiyo na maana yoyote usoni, yule wa filamu ya 1978 iitwayo Halloween. Kwa wasiojua, ile filamu ilitengenezwa kwa hela ndogo sana kwa viwango vyao, na ile sura maarufu ilikuwa kinyago cha dukani cha bei chee cha yule nahodha wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe wakapanua macho, basi. Hawa wetu nao kinyago chao ni cha bei rahisi, unaona kabisa mpira umekunjika shingoni. Haikujalisha hata kidogo. Jamaa hafanyi kitu. Amesimama. Taa inazima, mnasikia pumzi za wenzenu, taa inawaka, yuko palepale. Inazima tena, inawaka, yuko palepale, watu wakaanza kucheka, shemeji akaanza mambo yake. Inazima mara ya tatu, inawaka, hayupo.

Hapo ndo nilipiga kelele. Hayupo tu, hakuna kilichoturukia. Na korido lazima muipite, na pembeni wameweka midoli ya nguo, ile ya madukani Makoroboi, mitatu, yote imevaa ovaroli na sura nyeupe, na kila mtu kwenye kundi alikuwa anajua kwamba mmoja sio mdoli. Tulipita tumejibana ukuta wa upande wa pili. Mdoli wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu kimya. Tukamaliza, tukashusha pumzi, na yeye alikuwa ametangulia nyuma ya pazia la mlango wa kutokea. Yule aliyebuni hii apewe hela yake na aongezewe.

Kasoro yake, na hii ni ya nyumba nzima, wanaingiza watu kumi na wawili kwa mpigo. Nyumba ya namna hii anayetishika ni wa mbele na yule anayerukiwa katikati. Ukiwa wa tisa wewe unaona mgongo wa mwenzako na unasikia waliotangulia wanapiga kelele, yaani unapewa taarifa kabla ya tukio. Wakiingiza sita sita foleni itakuwa ndefu zaidi, najua, lakini basi punguzeni ule ujanja wa VIP muda utapatikana.

Halafu kuna hawa watu wanaoua utamu wenyewe, na shemeji wangu ni mwenyekiti wao. Amekulia kwenye vibanda umiza, vile vya filamu zinazotafsiriwa kwa sauti, kwa hiyo hawezi kuona filamu bila kuitafsiri, sasa katikati ya giza unamsikia kwa sauti ile nzito ya watafsiri, "jamaa hapa anawaza, hawa wa Igoma wamekuja kufanya nini kwangu". Kundi zima likaangua kicheko, hadi zombi mmoja nyuma ya plaiwudi nilimsikia anacheka. Mi nilikasirika kisha nikacheka.

Chumba cha tatu pita haraka. Ni yule binti wa nywele ndefu anayetoka kwenye tivii, ile stori ya kisima ya Wajapani. Tivii ni ya chogo, hiyo nzuri, chenga zake nzuri, ila binti alipotoka alikuwa amevaa ndala, na wigi limekaa upande, halafu akajikwaa kwenye waya wa spika akasema samahani. Zombi anaomba samahani. Malezi mema hayo, lakini nimelipa nitishwe.

Baada ya hapo unatoka kontena moja kuingia jingine kupitia kinjia cha nje kilichofunikwa turubai, na humo wametundika nyavu. Nyavu za kweli za uvuvi, zimelowa, zimening'inia toka juu mpaka chini, giza totoro, na njia pekee ni kuzipasua kwa mikono yako. Zinakunatia usoni, zina ubaridi, zina harufu ya dagaa, na kwa chini unasikia kasia linagonga mbao za mtumbwi, ko, ko, na maji ya ziwa lenyewe yanapiga mawe hatua chache tu kutoka hapo. Hakuna mwigizaji hata mmoja. Hii haijatoka filamu yoyote ya Marekani, kuna kijana wa hapahapa kaiwaza, na kila aliyekulia karibu na maji anajua kuogopa kitu kinachogusa mguu na huoni ni nini. Kwa kweli nilipoona nyavu roho ilinipasuka nikidhani wanatupeleka kwenye meli inazama. Hawakufanya hivyo. Wangefanya ningetoka hapohapo na ningewaita watu watoke, maana hapa Mwanza kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, sio hadithi ya kutishia mtu, kuna familia bado zinaenda makaburini Igoma. Inaonekana kuna mtu pale mwenye busara aliliona hilo.

Ndo maana chumba kilichofuata kilinishangaza. Busara ileile ilikwenda wapi?

Unaingia kwenye kibanda cha nyasi, jiko la mafiga, chungu, fisi wa kuchonga pembeni na taa kwenye macho. Katikati ameketi bibi. Kigagula, khanga imechakaa, kichwa kimeinama, anakoroga. Akiinua uso macho ni mekundu, wamembandika vile vilenzi vya rangi, na hapo hafanyi kitu kikubwa, anakuangalia tu. Kama kazi ya kuigiza, yule dada aliyeigiza anajua. Ila kilichotokea kwenye kundi letu ni hiki: kijana mmoja akapiga kelele "mchawi huyo!", mwingine akadakia "mpigeni!", kwa utani, na watatu wanne wakaitikia kwa kicheko, na mmoja akarusha chupa ya maji ikampata bibi begani. Bibi, yaani yule dada, akaacha kuigiza. Nilimwona anatafuta mlango kwa macho.

Jamani, hii ni Kanda ya Ziwa. Huku kwetu vikongwe wameuawa, wamekatwa mapanga usiku majumbani mwao, kwa tuhuma za uchawi, na kwa wengi ushahidi ulikuwa huohuo, macho mekundu. Macho yaliyopata wekundu kwa miaka na miaka ya kupulizia moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, tena wakiwapikia haohao waliokuja kuwanyooshea kidole. Yule muuaji wa sura nyeupe hayupo Mwanza, ukitoka nje hakuna mtu utakayemfananisha naye. Bibi wa macho mekundu yupo, yupo kila kijiji kuanzia Magu mpaka Misungwi, na mtoto aliyejifunza leo usiku kupiga kelele "mpigeni" Jumapili anakwenda kumsalimia.

Nilipotoka nilimtafuta msimamizi. Kijana mstaarabu, alinisikiliza, akasema kaka hii ni burudani tu, na watu ndo chumba wanachokipenda kuliko vyote. Nikamwambia ndo tatizo lenyewe. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Nami nalifikisha hapa. Wana nyavu, wana yule jamaa wa korido, wana vichwa vya kufikiri, hawana haja ya kibanda kile.

La pili nililomwambia msimamizi ni mlango wa dharura. Upo, nimeuona, umepakwa rangi nyeusi kama ukuta, hauna taa wala maandishi, na kwa nje walikuwa wamepanga kreti za soda. Humo ndani kuna nyaya zinatambaa chini, kuna turubai, kuna godoro la sponji limebandikwa ukutani watu wasijigonge. Marekani, Mei 1984, kwenye bustani ya Six Flags kule New Jersey, jumba la vitisho lililokuwa limejengwa kwa matrela yaliyounganishwa lilishika moto watu wakiwa ndani na vijana 8 wakafa, na sponji za ukutani zilihusika kwenye kuueneza ule moto. Makontena na matrela ni kitu kimoja. Kijana alienda akatoa zile kreti palepale, nampongeza, lakini mlango bado mweusi. Wewe ukiingia, kabla hujaanza kuogopa, uliza mlango wa pembeni uko wapi.

Tumalizie mwisho wa nyumba maana ni mtamu. Unadhani umetoka, unaona taa za nje, unaona mama ntilie anageuza chipsi, unaanza kujisifu, na hapo nyuma yako chenso inawashwa. Kweli ni chenso, moshi wa petroli unanuka kweli, ila cheni wameitoa, ndivyo wanavyofanya kote duniani, mlio unabaki meno hayapo. Akili inajua, miguu haijui. Shemeji, mtafsiri wetu, alitupita wote bila kutafsiri chochote. Dada mmoja wa kundi letu yeye hakukimbia, aligeuka akamshushia mwenye chenso mkoba kichwani, mara mbili, na muuaji akasikika "mayuu! dada utaniumiza, nipo kazini!" Watu waliokuwa wanakula chipsi walisimama wakapiga makofi.

Kitu kingine cha kujua ni vile vijidudu vya ziwani. Siku niliyoenda vilikuwa vimetoka kwa wingi, na vinapenda taa, kwa hiyo zile taa za kuwakawaka pale mlango wa kutokea zilikuwa na wingu zima. Haviumi, ila ukipiga kelele mdomo wazi unavila. Nimevila. Vaa kitu cha mikono mirefu na funga mdomo kama unaweza, na viatu vya wazi usivae kabisa kwa sababu ya zile nyavu na nyaya.

Kwa ujumla wa vyumba: korido tano kati ya tano, nyavu tano, hospitali nne, tivii mbili na hizo mbili ni za ile tivii ya chogo, chenso nne pamoja na mkoba. Kibanda cha bibi sikipi kitu. Choo ni kimoja kwa umati wote na maji yalikatika mapema, jisaidieni kabla hamjatoka nyumbani. Chipsi ni nzuri kuliko nilivyotegemea, sato wao ni mdogo kwa ile bei, kula mjini.

Ukienda, nenda siku ya katikati ya wiki, Ijumaa na Jumamosi foleni inafika mpaka getini. Omba kuwa wa pili kwenye kundi, wa kwanza anasukumwa na woga wa wenzake. Malipo kwa simu wanapokea, ongeza ya kutolea, na bodaboda panga nayo bei mapema ikusubiri, maana ikishafika saa tano usiku pale nje wanakutajia nauli ya kutisha kuliko chochote ulichokiona ndani ya nyumba.